Dalili ya Mvua ni Mawingu: Altrasaundi ya Utosini na Makuzi ya Mtoto Njiti

Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, watoto wapatao milioni 13.4 walizaliwa mwaka 2020 kabla ya mimba kutimia wiki 37. Hao ni kama mtoto mmoja katika kila watoto kumi. Sisi twawaita watoto njiti, na ni nadra kupata mtaa wa Pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Vanga, usiokuwa na nyumba iliyowahi kumpokea mmoja wao. Alhamdulillahi, wengi zaidi wanaokoka leo kuliko zama za bibi zetu. Kwa sababu hiyo, swali la mama aliyeketi kando ya inkubeta nalo limebadilika. Zamani aliuliza kama mwanawe ataishi. Siku hizi, pindi mtoto anapoanza kupumua vyema na kuongeza uzani, mama huuliza: Je, atatembea? Atasema? Atakaa chuoni pamoja na wenziwe akahifadhi sura zake?

Katika hospitali zenye vifaa, swali hilo huanza kujibiwa kwa altrasaundi ya ubongo. Daktari huweka kifaa kidogo juu ya utosi wa mtoto, hutazama kiooni, kisha huwaambia wazazi maneno machache ambayo huenda wakayabeba kwa miaka. Wako wanaoambiwa kuwa hakuna kilichoonekana, wakenda zao na wasirudi tena kliniki. Wako wanaoambiwa kuwa kuna damu, wakakata tamaa na kumficha mtoto. Makundi yote mawili yameielewa picha visivyo. Picha ya utosini huonyesha jeraha, haionyeshi majaliwa. Faida yake hutegemea yale ambayo familia itayafanya baada ya kuiona.

Utosi ni dirisha

Mifupa ya fuvu la mtoto mchanga huwa haijaungana. Sehemu ya mbele, juu ya paji la uso, pana mwanya laini tunaouita utosi, ambao aghalabu hujifunga kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Mfupa huzuia mawimbi ya sauti, lakini utosi huyaacha yapite. Mtaalamu hupaka jeli kidogo, huegesha kifaa juu ya ngozi, na kifaa hutuma mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliyasikii. Mawimbi hayo hugonga sehemu mbalimbali za ubongo na kurudi kama mwangwi, na mashine huugeuza mwangwi kuwa picha. Hapana sindano, hapana mionzi kama ile ya eksirei, wala mtoto hahitaji dawa ya usingizi au kuondolewa alipolazwa.

Tunalisisitiza jambo hili kwa kuwa utosi una heshima yake katika malezi yetu. Bibi huupaka mafuta na kuufunika kofia, na hupata wasiwasi akiona mgeni ameugusa. Wasiwasi huo ni wa mapenzi, lakini kifaa hiki hakipenyezi kitu ndani ya kichwa. Yanayohitajika ni mikono iliyooshwa, jeli isiyo baridi, na mtoto asiachwe wazi akapoteza joto. Mama ana haki ya kuyauliza hayo kwa upole.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1978, Daktari Lu-Ann Papile na wenzake huko New Mexico, Marekani, waliwachunguza kwa mashine ya CT watoto 46 waliozaliwa na uzani wa chini ya gramu 1,500. Watoto 20 kati yao walikutwa na damu ubongoni. Mwaka uliofuata, madaktari wa University College Hospital jijini London walieleza namna ya kuyagundua madhara ya ubongo wa njiti kwa altrasaundi. Tangu hapo, uchunguzi ambao ulihitaji mtoto apelekwe kwenye mashine ukawa ni mashine inayomfuata mtoto kitandani.

Damu hutoka wapi?

Ndani ya ubongo mna vyumba vidogo vyenye maji. Kando ya vyumba hivyo, mtoto aliye tumboni ana kitalu cha chembe changa ambazo baadaye husambaa kuujenga ubongo. Kitalu hicho hulishwa na mishipa ya damu myembamba yenye kuta dhaifu, na hupungua hadi kutoweka mimba inapokaribia wiki ya 34. Mtoto azaliwaye katika wiki ya 26 au ya 28 huja duniani kitalu hicho kingalipo. Akipumua kwa shida, au msukumo wake wa damu ukipanda na kushuka kwa ghafla, mishipa ile huweza kupasuka.

Basi sababu si mama. Si chakula alichokila, si kijicho cha jirani, wala si safari aliyoifanya. Tunawaomba wakwe na mawifi walishike neno hili, kwani mzazi aliyejifungua kabla ya wakati ana mzigo wa kutosha bila kuongezewa lawama.

Madaktari hadi leo hutumia madaraja manne yaliyotokana na kazi ya Papile. Daraja la kwanza ni damu iliyobaki ndani ya kitalu. La pili ni damu iliyoingia katika vyumba vya maji bila kuvitanua. La tatu ni vyumba vilivyojaa vikatanuka. La nne ni damu iliyofika katika nyama ya ubongo yenyewe.

Liko jeraha la aina nyingine, ambalo halihusu kupasuka kwa mshipa. Pembeni mwa vyumba vya maji hupita nyuzi zinazopeleka amri za ubongo miguuni na mikononi. Nyuzi hizo zikikosa damu na hewa ya kutosha, au zikidhuriwa na maambukizi, sehemu yake huweza kufa. Mwanzoni picha huenda isionyeshe kitu. Baada ya wiki mbili, nne, au hata zaidi, pale palipokufa hutokea vishimo vidogo vyenye maji.

Siku tatu, siku saba na arobaini

Tofauti ya majeraha haya mawili ndiyo sababu picha moja haitoshi. Damu nyingi huvuja katika siku tatu za mwanzo, na juma la kwanza likiisha, karibu zote zilizokuwa zivuje huwa zimekwisha kuvuja. Vishimo, kwa upande wake, huchelewa kuonekana. Kwa hiyo jumuiya ya madaktari wa watoto ya Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, ilishauri watoto waliozaliwa wakiwa na wiki 30 au chini yake wapigwe picha ya kwanza kati ya siku ya 7 na ya 10. Picha ya pili ipigwe kati ya wiki ya 4 na ya 6, na nyingine karibu na tarehe ambayo mama angejifungua au kabla ya mtoto kuruhusiwa kwenda nyumbani. Huko Utrecht, Uholanzi, Daktari Linda de Vries na wenzake walionyesha mwaka 2004 kuwa sehemu isiyo ndogo ya njiti waliopata mtindio wa ubongo vishimo vyao vilionekana baada ya siku ya 28 tu. Lau wangepigwa picha ya kwanza peke yake, wazazi wao wangeambiwa kuwa mambo ni salama.

Msomaji ataona kuwa kalenda hii inakutana na kalenda yetu wenyewe. Siku ya saba ni siku ya akika, jina na kunyoa nywele. Kwa mtoto aliye ndani ya inkubeta, wembe hauna haraka. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa Pwani, muda wa akika hauishi kwa kupita siku ya saba. Mtoto aweza kupewa jina lake zuri na kuombewa dua, na mengine yakangoja mpaka daktari na sheikh wote wawili waseme sawa.

Arobaini nayo ndiyo inayohitaji kutazamwa zaidi. Mzazi wetu hutunzwa ndani siku arobaini, naye na mwanawe, na mila hiyo ina hekima kubwa ya mapumziko na lishe. Lakini picha ya pili huangukia ndani ya siku hizo hizo, na uchunguzi wa macho ya njiti hufanywa karibu na mwezi mmoja. Nifasi humwondolea mama Sala na Saumu. Haimzuii kumpeleka mwanawe kwa tabibu. Iwapo mzazi hana nguvu za kutoka, baba, bibi au khalati na aende na mtoto, lakini miadi isivunjwe kwa jina la arobaini.

Picha yasema nini, na haisemi nini

Wahenga wetu walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mabaharia wetu nao wajua kuwa si kila wingu huleta mvua, na kwamba manyunyu huweza kuja mbingu ikionekana nyeupe. Picha ya utosini ni hivyo hivyo.

Watoto wengi wenye damu ya daraja la kwanza na la pili hukua vyema, ingawa wanahitaji kufuatiliwa. Katika daraja la tatu na la nne hatari hupanda. Damu ya daraja la nne iliyo upande mmoja wa ubongo mara nyingi hudhoofisha mkono na mguu wa upande wa pili, na hata hivyo mtoto huyo aweza kutembea na kusoma. Ishara nzito zaidi ni vishimo vingi vilivyo pande zote mbili za ubongo. Wengi wa watoto hao hupata mtindio wa ubongo, na aghalabu miguu ndiyo inayokakamaa kwanza.

Na aliyeambiwa kuwa picha ni safi? Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2005 uliwafuatilia watoto waliozaliwa chini ya gramu 1,000, ambao picha zao za ubongo zilikuwa za kawaida. Walipofika umri wa mwaka mmoja na nusu hivi, karibu 30 katika kila 100 walikuwa na mtindio wa ubongo au ukuaji wa akili uliochelewa sana. Altrasaundi huona damu na vishimo vizuri, lakini majeraha madogo yaliyotawanyika huweza kuipita. Aidha, ubongo wa mtoto hujengwa pia na lishe, kusikia, kuona, maradhi aliyoepushwa nayo, na mazungumzo ya nyumbani. Hayo yote hayamo katika picha.

Nasi tusidhani kuwa ni habari za ng'ambo. Katika nchi jirani ya Uganda, watafiti waliwachunguza kwa altrasaundi watoto 120 waliozaliwa na uzani mdogo, na kiasi cha thuluthi moja walikuwa na damu ubongoni.

Je, huku si kutabiri ghaibu?

Swali hili huulizwa na baadhi ya wazee wetu, nalo linastahili jibu la heshima. Tunaamini kuwa funguo za ghaibu ziko kwa Mwenyezi Mungu, na kwamba hakuna nafsi ijuayo itachuma nini kesho. Daktari mwaminifu hadai kinyume cha hayo. Yeye ni kama nahodha atazamaye mawingu na upepo wa kusi kabla ya kung'oa nanga: hadai kuijua kesho, bali anasoma alama zilizowekwa ili asiwazamishe abiria. Daktari anaposema kuwa hatari ni kubwa, hasemi kuwa jambo limekwisha andikwa mbele ya macho yake. Asema hapa pana haja ya kujitayarisha.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfundisha yule bwana mwenye ngamia kuwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Mola. Hiyo ndiyo nafasi ya picha hii. Na wanazuoni wetu, kwa kuzikusanya aya za kubeba mimba na kuachisha ziwa, walikata shauri tangu zama za Masahaba kuwa muda mfupi zaidi wa mimba ni miezi sita. Basi mtoto wa miezi sita na siku si kituko wala si mkosi. Ni mja mwenye haki zake kamili za jina, nasaba, matunzo na tiba.

Kazi huanza baada ya kutoka hospitalini

Jambo la kwanza ni kuhesabu umri kwa haki. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 28 alikuja wiki 12 mapema, kama miezi mitatu. Akifikisha miezi sita tangu kuzaliwa, tumtazamie yale ya mtoto wa miezi mitatu. Hesabu hiyo hutumika mpaka afikapo miaka miwili. Kumlinganisha na mtoto wa jirani aliyezaliwa mwezi huo huo ni kumdhulumu.

La pili ni kutazama anavyojongea. Daktari Heinz Prechtl aliwafunza matabibu kuwa miondoko ya hiari ya mtoto mchanga ina habari nyingi za ubongo wake. Kati ya miezi mitatu na mitano baada ya tarehe aliyotazamiwa kuzaliwa, mtoto mzima alazwapo chali huwa na vijisogeo vidogo laini vya shingo, mabega, mikono na miguu, vinavyoendelea akiwa macho na ametulia. Kukosekana kwa vijisogeo hivyo ni onyo kubwa. Video fupi ya simu yatosha kumpelekea mtaalamu aliyefunzwa kuitazama.

La tatu ni kuzijua dalili za kumrudisha mtoto kliniki, tukitumia umri uliorekebishwa. Ngumi zilizofumbwa daima baada ya miezi minne. Kutokaa mwenyewe baada ya miezi tisa. Kutumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka. Miguu inayokakamaa na kupishana kama makasi wakati wa kubadilishwa nepi. Kwa aliyevuja damu, kichwa kinachokua haraka, utosi uliovimba, kutapika na macho yanayoelekea chini ni dalili za maji kujaa kichwani. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

La nne ni mazoezi ya mapema. Ubongo wa mtoto mchanga una uwezo wa kujipangia njia mpya, lakini uwezo huo hupungua kadiri miaka inavyopita. Mtaalamu wa viungo humfunza mama namna ya kumlaza, kumkalisha na kumchezesha. Katika baadhi ya nyumba zetu bibi hukanda viungo kwa mafuta na kukiunda kichwa. Kwa njiti, kichwa kisikandwe, na viungo visinyooshwe kwa nguvu kabla ya kumuuliza mtaalamu. Mikono ya bibi haitakosa kazi: kumwimbia, kumsemesha, na kumsomea Kurani akiwa kifuani ni malezi ya ubongo pia.

Na isisemwe kuwa kipimo cha makuzi ni cha watoto wa kizungu tu. Watafiti wa Kilifi, akiwamo Profesa Amina Abubakar, walitunga kipimo cha makuzi cha Kilifi, kilichochapishwa mwaka 2008, kwa watoto wa miezi 6 hadi 35, kikitumia vitu na michezo ambayo mtoto wa Pwani anaijua.

Kuziba ufa mapema zaidi

Kinga hupita tiba. Mama mwenye uchungu wa mapema asingoje nyumbani, kwa maana sindano za steroidi zitolewazo kabla ya kujifungua hukomaza mapafu na hupunguza uvujaji wa damu ubongoni. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa katika nchi tano, Kenya ikiwamo, na kuchapishwa mwaka 2020, ulithibitisha kuwa sindano hizo hupunguza vifo vya njiti hata katika hospitali za nchi kama yetu, maadamu huduma za mama na mtoto ni nzuri. Magnesiamu salfeti huulinda ubongo wa mtoto wa chini ya wiki 32. Kuchelewesha kidogo kukata kitovu husaidia. Na kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, njia iliyoanzishwa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, humpa joto na maziwa, na baba naye aweza kuifanya.

Maswali ya kumuuliza daktari ni haya: Picha ilipigwa siku ya ngapi? Iliona damu ya daraja gani, na upande gani? Picha ijayo ni lini? Nani atamfuatilia mtoto na kwa muda gani? Majibu yaandikwe katika kijitabu cha afya ya mama na mtoto, kisitupwe sandukuni.

Kwa akina baba tunalo neno moja. Kliniki ya njiti ni safari nyingi, nauli yake si haba, na mama mara nyingi huacha kwenda kwa kuwa hana cha kulipa au hana wa kumwachia wengine. Misikiti yetu inayochangia mazishi kwa saa moja haishindwi kuchangia nauli ya mtoto aliye hai, na ada ya picha yake ya pili. Mtoto aliyebainika mapema akasaidiwa huenda akatembea kwa fimbo badala ya kubebwa, na huenda akatembea bila fimbo. Mtoto aliyefichwa chumbani, hata kama jeraha lake lilikuwa dogo, hatutajua kamwe angefika wapi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awakuze watoto wetu njiti, awape subira wazazi wao, na atujaalie kuwa majirani wenye manufaa. Wallahu aalam.